Fyuzi ya Shomvi

Taa za mbele za pikapu ziligoma kuwaka, Bi Zamoyoni akaipeleka kwa fundi Mchopa kabla jua halijazama. Fundi alikagua balbu, akazikuta nzima. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja, akacheka.

"Nani alikufungia hii, mama? Fyuzi iliungua, akaizungushia karatasi ya peremende. Sasa nayo imeungua."

Bi Zamoyoni aliipokea kiganjani. Karatasi ile ya kung'aa ilikuwa imesokotwa ncha mbili, zikasimama kama masikio ya paka. Shomvi alizisokota hivyo tangu utotoni, na arobaini yake ilisomwa juzi.

"Marehemu mwanangu," alisema.

Mchopa akaweka fyuzi mpya, taa zikamulika ukuta wa gereji.

"Sasa itoe hiyo, unirudishie hii ya mwanangu mahali pake."

"Haipitishi umeme tena, mama. Imekufa."

"Najua. Irudishe."

Fundi akairudisha, taa zikazimika. Bi Zamoyoni akaingia barabarani polepole, giza likianza kushuka, na madereva waliokuja mbele yake wakawa wanawasha na kuzima taa zao, mmoja baada ya mwingine, kumkumbusha awashe zake.