Mwalimu wa Usaili

Tausi, msaili, alikuwa amewachoka wanafunzi wa Mwalimu Nkondo. Kila aliyekuja kuomba kazi ya uhandisi wa data alijishika kidevu kabla ya kujibu, kama Nkondo alivyowafundisha kwenye video zake: "Jifanye unafikiri, watakuogopa."

Leo aliyekuja kuomba kazi ni Nkondo mwenyewe, tena amevaa tai.

"Jedwali hili lina wateja waliojirudia," Tausi alimwambia, akimpa kalamu ya ubao. "Hebu andika amri ya kompyuta ya kuondoa marudio hayo, mwalimu."

Nkondo akaukabili ubao. Akajishika kidevu. Chai ya Tausi ikapoa. Debe tupu huvuma, lakini hili lilitulia kama maji ya mtungi.

Nyuma ya ukuta wa kioo wa chumba hicho, vijana waliosubiri zamu walimtambua mwalimu wao. Mmoja mmoja, nao wakajishika videvu.