Namba ya Rihem

Siku ya kwanza ya shule, mwalimu wa hesabu aliwapa wanafunzi mchezo: kila mmoja aandike ubaoni namba inayomhusu, wenzake wakisie ni ya nini.

Rihem aliandika sita.

"Watu wa kwao!" akadakia Skander, mtoto wa jirani yao. Kisha akacheka. "We muongo! Kaka'ako si alipanda boti kwenda Italia, na hata simu hajapiga? Mmebaki watano. Futa!"

Rihem alichukua dasta. Lakini hakuifuta ile sita.

"Ni vijiko," alisema taratibu. "Mama akipakua kuskusi, hupanga vijiko sita kuzunguka sinia."



"Na hicho cha sita?" Skander akauliza, sauti imemshuka.

"Nakiosha pamoja na vingine."