Komeo la Ndani

"Ukianguka tena humu ndani nifanye nini? Nisimame nje nikusikilize?" Mama Kulwa alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake.

"Rudi kwako, jirani," alisema Asteria.

"Juzi bombani tulikuwepo wa kukubonyeza kifua. Humu yupo nani?"

Daktari alikuwa amemweleza Asteria waziwazi: vyumba vya chini vya moyo wake vinaweza kuacha kupiga ghafla vikabaki vinatetemeka tu, na hapo hataokolewa ila na mtu aliye karibu. Lakini tangu amzike mumewe, komeo la chuma la ndani ya mlango ndilo lililompa usingizi.

"Na mwizi akija?"

"Kitasa si unacho? Halafu aibe nini, sufuria zako zilizotoboka?"

Asteria alikaribia kucheka. Akavuta bisibisi chini ya kitanda, akaanza kufungua skrubu za komeo. Ya mwisho ilikuwa na kutu, akaing'ang'ania mpaka ikatoka. Akampa Mama Kulwa ufunguo wa akiba.

Alipobaki peke yake, aliurudisha mlango. Jua la alasiri lilipenya kwenye matundu ya skrubu, likatua kitandani, upande usiolaliwa na mtu.