Kikausha Upepo

Siku hizi dereva akifa, sheria inahamishia akili yake ndani ya lori lake, iendeshe mpaka lori lichakae. Mume wangu Ambakisye nilimzika miaka tisa iliyopita. Kila Jumamosi anaegesha uani, nami, fundi wake, namhudumia.

Leo nilifungua tangi la upepo wa breki, yakatoka maji ya kutu. Kikausha upepo, kinachonasa unyevu usifike kwenye breki, kimechoka.

“Usibadilishe chujio lake, Mama Sekela,” akasema kwenye redio. “Maji yakifika kwenye breki, mteremko wa Kitonga utanipumzisha.”

“Na watu walio mbele yako?”



Nikafunga chujio jipya, nikakaza. Si kwa sababu ya watu hao. Jumamosi lori lisiposhusha pumzi chini ya dirisha langu, silali.