Ute Chini ya Kifuniko

Wenye arusi walikuwa wameshafika mlangoni kuchukua mtindi, na Mwanahawa bado alikuwa ameshika kifuniko cha pipa. Harufu ya dawa ya kuulia vijidudu ilimpanda puani. Kwake yeye, pipa lililonuka dawa lilikuwa pipa safi.

"Hebu pitisha ukucha hapo ukingoni, kwa ndani," alisema Raya, binti wa kaka yake. Alikuwa ametoka maabara ya hospitali moja kwa moja, na wodi ilikuwa imejaa watu waliokunywa mtindi wa Mwanahawa kwenye hitima ya juzi.

Mwanahawa akapitisha. Ukucha ukarudi na ute mwembamba.

"Lakini naosha kwa dawa, mwanangu. Kila siku."

"Unaichanganyaje, shangazi?"

"Tone tu, na maji mengi. Isije ikawadhuru watu."

Raya akashusha pumzi. "Basi umewazoesha hao wadudu. Dawa hafifu haiwamalizi. Wanaobaki wanaizoea, wanajificha ndani ya ute huu. Sugua kwanza kwa sabuni mpaka utoke, ndipo utie dawa kwa kipimo chake."

Mlango ukagongwa. "Mama, wageni wa arusi wameshakaa mkekani," mmoja wa wenye arusi aliita kutoka nje.

Mwanahawa aliutazama ule mtindi, mweupe, mzito, hauna kasoro yoyote machoni. Kisha akaliinamisha pipa, akaumwaga wote uani.

Akasugua kifuniko kwa sabuni mpaka viganja vikawaka moto. Alipomaliza akapitisha ukucha tena, akabaki ameuficha ndani ya ngumi, asithubutu kuutazama kama umerudi na ute, huku mlango ukigongwa.