Tangi Namba Tatu

"Lete msumeno!" Injinia alifoka hata kabla hajafika mlangoni kwa mshonaji. "Leo bomba hili linakatwa, na asije mtu kuniletea huruma hapa!"

Majirani walimfuata nyuma, wengine wamebeba ndoo tupu ili hasira yao ionekane vizuri. Fundi bomba alikuja mwisho kabisa, akijikokota, maana suruali aliyovaa ilitiwa kiraka na huyo huyo mshonaji.

Nyumba saba za safu ile zilitegemea kisima kimoja na tangi kubwa moja. Kila nyumba ilikuwa na tangi lake dogo juu ya paa, na koki yake ukutani kwa pembeni. Unajaza siku ya zamu yako, unafunga, basi. Lakini kulikuwa na mtu anayefungua koki yake kwa wizi, siku isiyo ya zamu yake. Mwenye zamu anaamka, anafungua bomba, linamkoromea hewa tupu.

Hapo ndipo Injinia alipopata utukufu wake. Injinia wa wapi! Alikuwa karani, ila jioni zake zote ziliishia mezani, kati ya waya na vibodi vya kielektroniki vya bei chee vyenye ukubwa wa kiberiti. Zamani majirani walimwita jina hilo kwa kumcheka. Walikoma kucheka siku alipopanda mapaa yote, akafunga ndani ya kila tangi kifaa cha kupima kina cha maji, kila kimoja na namba yake, vyote vikituma habari kwenye simu yake bila waya. Maji yakipanda mahali nje ya zamu, simu inapiga kelele. Programu ilikuwa ile ile moja. Aliinakili kutoka kifaa hadi kifaa, akibadilisha namba tu. Cha nyumbani kwake, namba saba, alikinakilia kutoka kile cha namba tatu, akakifunga mwisho, mbio mbio, mpira ukikaribia kuanza.

Hicho cha kwake hakikuwahi kuonekana kwenye simu. "Antena hiyo," alisema, akakiacha. Nani anajichunga mwenyewe?

Lakini namba tatu! Namba tatu ilimtia wazimu. Mara ipige kelele, mara iseme tangi lina robo, kufumba na kufumbua limejaa, halafu robo tena. Kama huo si wizi, ni nini? Na namba tatu ilikuwa ya mshonaji.

Mshonaji alitoka, sindano imechomekwa kwenye blauzi. Kupitia mlango ulioachwa wazi alionekana mumewe kitandani, aliyepooza upande mmoja, akihangaika kugeuza shingo aone kuna nini. Kwenye kamba zilining'inia shuka, bado mbichi.

"Hizo shuka umezifulia maji gani?" Injinia aliuliza. "Zamu yako ilishapita."

"Maji yangu! Nayapima kwa kikombe, baba. Najinyima kuoga ili yule aoshwe. Panda paani ukaangalie, tangi limebaki chini kabisa."

"Nipande kufanya nini? Simu inaniambia kila kitu."

"Basi simu yako ni mwongo kama mwenyewe!"

Watu waliguna. Injinia alihisi damu ikimpanda kichwani. "Mama, nakuheshimu kwa umri wako, lakini usinichezee. Kifaa hakina shangazi wala mjomba hapa. Hakimpendelei mtu!"

"Na mkikata, huyu mtu nitamwosha kwa nini? Kwa mate?" Hasira hazikumpa nafasi ya kulia.

Mke wa Injinia alijipenyeza katikati ya watu, akamshika mumewe mkono wa shati. Lilikuwa shati jeupe pe, limenyooka kwa pasi, kama mashati yake ya kila siku.

"Baba watoto, njoo pembeni. Nina neno."

"Sema hapa hapa."

Mkewe aliwatazama majirani. "Tusimwonee mama wa watu."

"Ndiyo neno lenyewe hilo? Kumbe wezi wa hapa wana hata wakili!" Watu wakaangua kicheko. "Nakesha na simu hii kwa ajili ya watu, halafu wewe, mke wangu mwenyewe, unanivua nguo mbele yao! Rudi nyumbani!"

Mkewe aliuachia mkono wa shati. Kisha akageuka, akaenda zake.

"Injinia, una hakika lakini?" fundi bomba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kata!"

Msumeno ukakwaruza. Mshonaji aliketi kizingitini, mikono mapajani, akiwatazama mmoja mmoja usoni, na si wengi waliostahimili macho hayo. Bomba likaachia, maji kidogo yakaruka. Fundi akalitia kizibo mdomoni, akakaza, akainuka bila kumtazama mtu. Ndani, mgonjwa alitoa sauti isiyokuwa neno.

"Tulia, mume wangu," mshonaji alimjibu. "Wameshamaliza uungwana wao."

Injinia alishusha pumzi. Alijiona ametenda haki, tena haki yenyewe ilimkaa vizuri mwilini.

Simu ikapiga kelele.

Aliitoa mfukoni, akasoma. Akasoma tena, safari hii kwa sauti: "Tangi namba tatu linapanda." Watu walikitazama kizibo, wakalitazama bomba lililokatwa, wakamtazama yeye.

"Itakuwa imekosea," alisema. Simu iliendelea kulia mkononi mwake.

Fundi bomba alimgusa bega, akamwonyesha mwisho wa safu, kwenye nyumba namba saba. Mke wa Injinia alikuwa amesimama ukutani, mbele ya macho ya watu wote, mkono juu ya koki yao. Alimkazia mumewe macho, akaifunga, na simu ikanyamaza. Kisha akaifungua tena.