Alama za Meno kwenye Nta

"Uma taratibu, mama, wala usiongee," alisema daktari wa meno, akimwekea Mwanahawa nta laini mdomoni. Kwa nta hiyo angepimiwa kifaa cha kuvaa akilala, ili aache kusaga meno. Tangu mfungo uishe, mumewe Shomari alikuwa akienda kulala kwa kaka yake. Eti mkewe anasaga meno usiku kucha kama mashine ya unga.

Daktari aliitoa nta, akaielekeza dirishani, akakunja uso.

"Nani kakwambia unasaga?"

"Baba watoto. Ndiye anayenisikia."

"Anayesaga, ncha za meno yake huwa zimelika. Zako tazama zilivyoitoboa nta, kama za binti. Meno haya hayajawahi kusagana."

Mwanahawa aliyatazama yale matundu. Akamkumbuka shemeji yake, huyo huyo kaka wa Shomari, juzi sokoni, akimwambia, "Mbona mumeo katutupa? Hata salamu haleti." Naye akacheka, akidhani ni utani.

"Basi, kifaa tukiache?" daktari aliuliza.

Mwanahawa aliichukua nta mkononi mwake. Akairudisha mdomoni, akauma. Ikakatika vipande viwili, na mle chumbani ikasikika sauti ya meno yakisagana.